Nimepiga Windows 7 upya na draiva hazipo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila wiki mezani kwangu. Majibu yanahusu Windows 7 kwenye laptopu za kati ya 2010 na 2013, zile mashine za maofisini zilizotumika Ulaya na Marekani zikaja kuuzwa Dar es Salaam na Nairobi. Mfano nitakaourudia ni Dell Latitude E6430, kwa sababu naijua ndani na nje. Kama mashine yako ni HP au Lenovo, njia ni ileile.

## Mwanzo kabisa

1. Nimepiga Windows upya, Wi-Fi haipo, sauti hakuna, picha imevimba. Nimeharibu kompyuta?

Hapana. Draiva ni programu ndogo inayoifundisha Windows namna ya kuzungumza na kifaa fulani: kadi ya sauti, kadi ya Wi-Fi, kisoma kadi. Windows 7 ilitoka Oktoba 2009, kwa hiyo inavijua vizuri vifaa vya kabla ya hapo. Vya baadaye inaviona vipo lakini haina lugha ya kuongea navyo. Picha inavimba na mwanga wa skrini haupungui kwa sababu Windows inatumia draiva yake ya dharura, "Standard VGA Graphics Adapter", inayotosha kukuonyesha kitu na si zaidi ya hapo.

Kabla hujapiga Windows vifaa vilifanya kazi kwa sababu kiwandani, au fundi aliyetangulia, aliweka draiva hizo moja moja. Ulipofuta diski zikaondoka nazo.

2. Nitajuaje ni zipi zinakosekana?

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika devmgmt.msc, kisha Enter. Inafunguka Device Manager. Kila kifaa chenye alama ya mshangao ya njano kina tatizo. Kibofye mara mbili usome maelezo: ukiona Code 28, draiva haipo kabisa. Code 10 ina maana draiva ipo lakini kifaa hakikuanza, na mara nyingi hapo umeweka isiyo yake. Code 52 tazama swali la 13.

Piga picha orodha hiyo kwa simu kabla hujagusa chochote. Utaihitaji ukiwa mbali na mashine, na itakuonyesha umebakiza nini.

3. Haya majina ya ajabu kwenye orodha ni vifaa gani?

Windows ikikosa draiva inataja kifaa kwa jina la jumla. Yanayojirudia ni haya:

- "Network Controller" kwa kawaida ni Wi-Fi. "Ethernet Controller" ni tundu la kebo ya mtandao. Watu huyachanganya haya mawili na kushusha draiva isiyo yake.
- "SM Bus Controller" ni sehemu ya chipseti, yaani mfumo wa ubao mama. Ikikosa draiva hutaona dalili yoyote, lakini iweke.
- "PCI Simple Communications Controller" kwenye mashine za Intel za zama hizi karibu kila mara ni Intel Management Engine. Watu wengi huhangaika kutafuta modemu kwa sababu ya hilo neno "Communications".
- "Universal Serial Bus (USB) Controller" yenye alama ya njano ni USB 3.0, lile tundu la bluu.
- "Base System Device" mara nyingi ni kisoma kadi ya kumbukumbu.
- "Unknown device" ni fumbo lenye swali lake, la 18.

4. Nishushe ya bit 32 au ya bit 64?

Ile inayolingana na Windows uliyopiga, wala si uwezo wa prosesa. Bofya kulia kwenye Computer, chagua Properties, utaona "System type". Kwenye kurasa za draiva, bit 32 huandikwa pia x86, na bit 64 huandikwa x64 au amd64. Usisome "x86" ukadhani ni kubwa kuliko "x64" kwa sababu ya namba. Nimewaona wanafunzi wakipoteza bando la siku nzima kwa kosa hilo. Draiva ya bit 32 haiingii kwenye Windows ya bit 64 kwa njia yoyote ile.

## Intaneti yenyewe haipo

5. Wi-Fi haionekani, na tundu la kebo halifanyi kazi. Nitashushaje draiva ya intaneti bila intaneti?

Tumia simu yako ya Android. Washa data ya simu, iunganishe na kompyuta kwa waya wa USB, nenda kwenye mipangilio ya simu sehemu ya mtandao-hewa, na uwashe kushiriki intaneti kwa USB. Windows 7 ina draiva yake ya kazi hii tayari, inayoitwa Remote NDIS. Subiri dakika moja au mbili, na pale kwenye kona ya chini kulia alama ya mtandao itabadilika. Kwa kompyuta, simu yako sasa ni kadi ya mtandao.

Isipojitambua yenyewe, fungua Device Manager, bofya kulia jina la simu, chagua "Update Driver Software", kisha "Browse my computer", kisha "Let me pick from a list". Chagua Network adapters, upande wa watengenezaji chagua Microsoft Corporation, na upande wa pili "Remote NDIS Compatible Device". Windows itatoa onyo, kubali.

Angalizo la bando: ukishaunganisha hivyo, kompyuta nayo inaweza kuanza kujishushia vitu kimya kimya. Zima Windows Update kwanza, mpaka umalize kazi iliyokuleta.

Njia ya pili ni kushusha faili kwa simu yenyewe au kwa kompyuta ya jirani, kisha ulilete kwa flashi. Shusha draiva ya kebo na ya Wi-Fi tu. Zilizobaki zitafuata mashine ikishapata mtandao.

6. Mtandao umeingia, lakini kurasa hazifunguki, zinasema cheti si salama. Kwa nini?

Angalia saa na tarehe kwanza. Laptopu iliyokaa muda mrefu betri yake ndogo ya ubao mama huwa imekufa, na tarehe inarudi nyuma miaka kadhaa. Kurasa zote za https zitakataa kwa sababu kwa macho ya kompyuta, cheti cha tovuti kitakuwa hakijaanza kutumika.

Kama tarehe ni sahihi, tatizo ni Internet Explorer 8 inayokuja na Windows 7. Haiwezi usalama wa tovuti za leo. Shusha kwa simu faili la usakinishaji la Firefox ESR 115, ndilo tawi la mwisho la Firefox kukubali Windows 7, ulihamishe kwa waya au flashi. Chrome iliishia toleo la 109.

Na hapa niseme wazi: Microsoft iliacha kuitunza Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Kama mashine inaendesha programu ya zamani ya duka, ya kukata stika au ya kudarizi, Windows 7 ina sababu ya kuwepo. Mambo ya benki na nywila zako za muhimu yafanyie kwingine.

## Kutafuta draiva yenyewe

7. Nianzie wapi?

Kwa aliyetengeneza kompyuta, si kwa aliyetengeneza kifaa. Kwenye Dell geuza laptopu, chini kuna kibandiko chenye Service Tag ya herufi na namba saba. HP na Lenovo wana namba zao za mashine na za usajili. Kibandiko kikiwa kimefutika, fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri: kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, kisha Enter) uandike:

wmic bios get serialnumber

Kupata modeli andika wmic csproduct get name. Ingiza namba hiyo kwenye ukurasa wa msaada wa mtengenezaji, chagua Windows 7 na bit zako. Usiuache mfumo uliojichagulia ukurasa wenyewe. Mara nyingi huwa umechagua ule wa kompyuta unayoitumia kutafutia.

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Dell, HP na Lenovo waliwatengenezea mafundi wa makampuni vifurushi vyenye draiva zote za modeli moja, vinaitwa "driver pack". Cha Dell ni faili moja la .cab. Kifungue kwa programu ya 7-Zip na ndani utakuta folda za x86 na x64, zimepangwa kwa aina: audio, chipset, network, video. Faili ni kubwa, lakini ukishakuwa nalo, unalenga folda nzima (swali la 12) na kazi ya nusu siku inakwisha kwa muda wa chai.

8. Mtengenezaji ameondoa Windows 7, au hakuna jina la kifaa changu. Nifanyeje?

Muulize kifaa chenyewe. Kila kifaa kimeandikwa namba ya utambulisho kiwandani, na Windows huisoma hata bila draiva. Hii ndiyo njia ninayotamani kila mtu aijue kuliko zote kwenye ukurasa huu, kwa sababu haitegemei kubahatisha.

Device Manager, bofya mara mbili kifaa chenye alama ya njano, nenda kwenye "Details", na kwenye orodha ya "Property" chagua "Hardware Ids". Kwenye E6430 yenye tundu la bluu lisilofanya kazi utaona kitu kinachoanza hivi:

PCI\VEN_8086&DEV_1E31

VEN ni mtengenezaji na DEV ni kifaa. 8086 ni Intel. Walijichukulia namba ya prosesa yao maarufu ya 1978. 1E31 ni kidhibiti chao cha USB 3.0 cha chipseti ya mfululizo wa 7. Kwa hiyo sasa hutafuti tena "draiva ya USB ya Dell". Unatafuta "Intel USB 3.0, 7 Series, Windows 7".

Watengenezaji utakaokutana nao sana: 10EC ni Realtek, 14E4 ni Broadcom, 168C ni Atheros, 1814 ni Ralink, 10DE ni NVIDIA, 1002 ni AMD. Ukiendelea kusoma mstari huo utaona SUBSYS. Tarakimu nne za mwisho baada yake zinamtaja aliyeunda kompyuta: 1028 ni Dell, 103C ni HP, 17AA ni Lenovo. Kifaa cha USB huandikwa VID na PID badala ya VEN na DEV.

Mwalimu mmoja aliniletea laptopu aliyokwisha kuishushia draiva nne za Wi-Fi, zote za Realtek, kwa sababu laptopu ya rafiki yake wa modeli hiyohiyo ilikuwa na Realtek. Namba ilisema 14E4. Modeli moja ya laptopu huuzwa na kadi za Wi-Fi za aina mbili au tatu. Jina la nje halikuhakikishii kilichomo ndani.

9. Namba ninayo. Naipeleka wapi?

Kwanza kwenye katalogi ya Microsoft, catalog.update.microsoft.com. Nakili sehemu ya VEN na DEV tu, bila SUBSYS, uitafute. Safu ya "Products" itakuonyesha kama ni ya Windows 7, na ukibofya jina utaona kama ni ya bit ngapi. Unachoshusha ni faili la .cab. Tengeneza folda C:\draiva, kisha kwenye Command Prompt:

expand faili.cab -F:* C:\draiva

Badala ya "faili.cab" weka jina na mahali pa faili lako. Kisha endelea na swali la 12.

Katalogi ikikosa, itafute namba hiyo kwenye injini ya kutafutia, lakini ukishajua jina la kifaa rudi kwa mtengenezaji wake au kwa mwingine aliyekitumia. Kadi ya Wi-Fi ya Intel ni ileile, iwe ndani ya HP au ndani ya Lenovo, na draiva iliyowekwa kwenye ukurasa wa HP inaweza kukusaidia wewe mwenye Lenovo.

10. Kuna programu zinazotafuta draiva zote zenyewe. Nizitumie?

Nyingi, hapana. Zinakuchunguza bure, zinakuambia una draiva kadhaa "zilizochakaa", kisha zinataka malipo, na njiani zinaingiza programu nyingine usizoziomba. Kurasa zenye vitufe vitano vikubwa vya "Download" ni ndugu zao.

Ninayoiamini ni Snappy Driver Installer Origin. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na inafanya kazi bila intaneti ukiwa na vifurushi vyake. Kifurushi kizima ni kizito mno kwa bando la kawaida. Shusha kile cha mtandao tu uanze nacho. Hata hiyo, soma inachopendekeza kabla ya kukubali, na usiwekee kifaa kinachofanya kazi draiva nyingine eti kwa sababu ni mpya.

## Kuweka

11. Kuna mpangilio wa kufuata?

Chipseti kwanza, zima na kuwasha, kisha picha, mtandao, sauti, halafu vingine. Chipseti inatangulia kwa sababu ndiyo inayozipa njia nyingine majina. Ukiiweka, baadhi ya alama za njano huondoka zenyewe. Laptopu yenye kadi mbili za picha, kama zile E6430 zilizokuja na NVIDIA NVS 5200M, ianze na ya Intel kisha NVIDIA.

12. Nimefungua faili, hakuna setup.exe. Kuna mafaili ya .inf na .sys tu.

Hiyo ndiyo draiva yenyewe, imetolewa kwenye karatasi ya zawadi. Device Manager, bofya kulia kifaa, "Update Driver Software", "Browse my computer for driver software", onyesha folda, na uhakikishe umetia tiki kwenye "Include subfolders". Windows itachimba folda zote za ndani na kuchukua inayolingana. Ndiyo maana unaweza kuionyesha folda nzima ya kifurushi cha swali la 7 bila kujua draiva imekaa wapi.

Kinyume chake, faili la .exe la Dell au HP likikataa kusakinisha, angalia C:\Dell\Drivers au C:\SWSetup. Mara nyingi limeshajifungua huko, na .inf unayoihitaji ipo.

13. Windows inasema haiwezi kuthibitisha saini ya draiva, Code 52.

Draiva za miaka ya karibuni zimesainiwa kwa SHA-2, aina mpya ya saini ya kidijitali, na Windows 7 mbichi haielewi saini hiyo. Hakikisha una Service Pack 1, yaani mkusanyiko mkubwa wa masasisho ya Windows 7. Kisha kutoka kwenye katalogi ya swali la 9 sakinisha KB4490628, washa upya, halafu KB4474419. Washa upya tena na ujaribu draiva yako. Kubonyeza F8 wakati wa kuwaka na kuzima ukaguzi wa saini kunasaidia mpaka utakapozima mashine, basi. Tumia kwa majaribio tu.

14. Wi-Fi imeshaingia, haina alama ya njano, lakini haioni mtandao wowote.

Tafuta swichi. Latitude nyingi za zama hizo zina swichi ndogo ubavuni inayozima redio zote, na inasogezwa kirahisi kompyuta ikiingizwa begini. HP wana kitufe chenye taa, ya chungwa ikiwa imezimwa.

## Hali ngumu

15. Usakinishaji unakwama: "A required CD/DVD drive device driver is missing". Natumia flashi, sina hata CD!

Ujumbe unapotosha. Flashi yako iko kwenye tundu la USB 3.0, na Windows 7 haina draiva ya USB 3.0. Kompyuta iliwaka kwa flashi kwa sababu BIOS, programu ya ubao mama inayoiwasha kompyuta kabla ya Windows, inaijua. Windows iliposhika usukani ikaipoteza. Hamishia flashi kwenye tundu jeusi na uanze upya. Yote yakiwa ya bluu, ingia BIOS utafute sehemu ya USB 3.0 au xHCI, uizime, umalize kusakinisha, uweke draiva, kisha uiwashe.

16. Je, kompyuta yenye prosesa mpya zaidi?

Kizazi cha 6 cha Intel ndicho cha mwisho kupata msaada rasmi wa Windows 7. Kuanzia kizazi cha 7 na prosesa za Ryzen za AMD, Microsoft ilifunga mlango, na Intel haikutoa draiva ya picha. Hapo usipoteze siku. Weka Windows mpya au Linux.

17. Nimegundua sikuhifadhi draiva kabla ya kupiga. Zimekwenda moja kwa moja?

Kama hukufomati diski, angalia C: kama kuna folda inaitwa Windows.old. Ndani yake nenda Windows\System32\DriverStore\FileRepository. Draiva zote za zamani zimekaa humo. Ionyeshe folda hiyo kama swali la 12, mradi Windows ya zamani nayo ilikuwa 7 na bit zilezile.

Safari ijayo, nakili folda hiyo ya FileRepository kwenye flashi kabla hujafuta. Kwenye Windows 10 kuna amri ya kazi hiyo: dism /online /export-driver /destination:D:\draiva, folda ikiwa imeshatengenezwa.

18. Kila kitu kinafanya kazi, imebaki "Unknown device" moja tu. Niiache?

Isome namba kwanza. Ikianza na ACPI ni kitu kidogo cha mtengenezaji. ACPI\SMO88 na tarakimu nyingine mbili, kwenye Dell, ni kihisi kinacholinda diski laptopu ikianguka. ACPI\HPQ0004 ni cha namna hiyohiyo kwa HP, kinaitwa 3D DriveGuard. ACPI\VPC2004 ni cha Lenovo cha kusimamia umeme na vitufe. Ikianza na USB\VID_0A5C kwenye Latitude, pengine kwa jina la "Broadcom USH", ni kisoma kadi cha usalama na alama za vidole. Draiva yake Dell huiita ControlVault.

Kama umeshabadilisha diski ya kuzunguka ukaweka SSD, kihisi cha kuanguka hakina cha kulinda tena, na alama ile ya njano haitakudhuru. Kama diski bado ni ile ya kuzunguka, kiwekee draiva yake leo.